Mpangaji hajalipa, amepangisha wageni na amepiga saruji ukutani: nifanye nini kisheria?

SWALI: Assalaam alaykum. Nina nyumba ya mawe ya ghorofa moja mjini Lamu, si mbali na Usita wa Mui, tuliyoachiwa na marehemu baba. Juu anakaa mpangaji niliyemwingiza mwenyewe mwaka 2021 kwa mkataba wa mwaka mmoja, Sh18,000 kwa mwezi, kodi ikilipwa tarehe 5. Mkataba uliisha na hatukuandika mwingine. Sasa ana miezi minne hajalipa. Vyumba viwili amevitangaza mtandaoni na anaweka wageni bila kuniuliza, na kuta za ndani amezipiga plasta ya saruji. Chini kuna duka la nguo ambalo mpangaji wake aliwekwa na baba kwa maneno tu. Mwaka jana nilimwambia kodi imepanda kutoka Sh12,000 hadi Sh15,000, lakini aliendelea kulipa 12,000, na miezi mitatu hii hajatoa kitu. Ndugu zangu wanasema nipige kufuli na nikate maji. Nishauri.

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Kufuli usilipige na maji usiyakate. Naanza hapa kwa sababu kesi nyingi za wenye nyumba huharibikia hapa. Leo mpangaji wako ndiye mwenye makosa. Siku utakayomfungia nje, kosa linakuwa lako: sheria inamhakikishia mpangaji utulivu ndani ya nyumba maadamu upangaji haujakatwa kwa njia yake, na anaweza kupata amri ya kufunguliwa mlango pamoja na fidia. Kwa duka amri ya namna hiyo hutoka upesi. Hata polisi, ukiwaita wakusaidie kumtoa, watakuuliza amri ya mahakama iko wapi.

Nyumba yako ni moja, lakini ina sheria mbili. Mpangaji wa juu yuko chini ya Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012. Wa duka analindwa na Sura ya 301, sheria ya maduka, hoteli na nyumba za vyakula, na kesi yake inasikilizwa na tribunali ya kodi za biashara ambayo wengi huiita BPRT. Notisi inayofaa juu haifai chini, kwa hiyo usiwaandikie wote wawili kwenye karatasi moja. (Msomaji mwenye chumba cha kuishi ambacho kodi yake halali haizidi Sh2,500 kwa mwezi ana sheria ya tatu, Sura ya 296. Huyo hamtoi mpangaji wala hashiki mali yake bila idhini ya tribunali ya kodi za nyumba, na kumkatia maji au umeme ili ahame ni kosa la jinai.)

Kabla ya notisi yoyote, tazama jina lako limesimama wapi. Umesema nyumba ni ya marehemu baba. Mpangaji wa juu ulimwingiza wewe, na mtu aliyeingia nyumbani kwa mkono wako haruhusiwi, akiwa bado mpangaji, kugeuka na kusema wewe si mwenye nyumba. Kwa huyo una pa kusimama. Wa duka aliwekwa na baba. Kama mirathi haijafunguliwa, wakili wake ataanza na swali moja tu: unadai kwa mamlaka gani? Kesi ya mali ya marehemu iliyofunguliwa na mtu asiye na hati ya usimamizi hutupwa kabla ya ushahidi kusikilizwa, hata kama deni ni la kweli. Kwa hiyo nendeni kwa Kadhi mkafungue mirathi na mpate msimamizi. Ikiwa nyumba ni wakfu, mwenye kudai ni mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu. Na hapa nitenganishe jambo ambalo watu wa Lamu hulichanganya: Kadhi ana mamlaka ya urithi, ndoa, talaka na hadhi ya mtu kwa Waislamu wanaokubali kufika mbele yake, lakini hana mamlaka juu ya kodi ya nyumba wala kumtoa mpangaji.

Sasa mpangaji wa juu. Mkataba wa 2021 uliisha, naye akabaki huku ukiendelea kupokea kodi. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ardhi kinasema ukipokea kodi kwa miezi miwili baada ya muda kwisha, umezaliwa upangaji mpya wa mwezi kwa mwezi. Hilo linakufaa. Upangaji wa mwezi hukatwa kwa notisi ya kawaida chini ya kifungu cha 57, na huna haja ya kuthibitisha kosa lolote ili kuukata. Wengi hukimbilia njia ya kumvunjia mpangaji mkataba kwa kosa, ambayo inadai notisi ya kifungu cha 75: ueleze kosa ni lipi, alirekebishe vipi, na umpe muda usiopungua siku 30. Akirekebisha, mkataba unaendelea. Asiporekebisha, bado anaweza kuiomba mahakama imhurumie, na mahakama huwa nyepesi kumhurumia aliyekuja na pesa mkononi. Njia hiyo inamfaa mwenye mkataba wa miaka ambao haujaisha. Wewe huna haja nayo.

Notisi ya mwezi ina masharti mawili, na la pili ndilo husahauliwa. Isipungue mwezi mmoja, na iishe siku ambayo kodi hulipwa. Kodi yako ni tarehe 5. Ukimpa notisi tarehe 20 Machi, mwezi unatimia tarehe 20 Aprili, lakini hiyo si siku ya kodi, kwa hiyo tarehe ya mwisho ni 5 Mei. Ukiandika 20 Aprili, au ukaandika tu "siku 30 kutoka leo", umempa wakili wake pa kushika.

Andika majina kamili, nyumba ilipo, sehemu anayokaa, na tarehe anayotakiwa kukabidhi ufunguo. Deni liweke kwenye barua ya madai iliyo mbali na notisi: mwezi kwa mwezi, Sh18,000 mara nne, jumla Sh72,000, na siku ya mwisho ya kulipa. Barua hii itaambatanishwa na hati za kesi, na asiyeituma anaweza kushinda kesi akanyimwa gharama. Mkabidhi notisi mkononi mbele ya shahidi na atie sahihi kwenye nakala yako. Akikataa, andika papo hapo kwenye nakala hiyo tarehe, saa, maneno aliyosema na jina la shahidi, kisha tuma nyingine kwa posta ya rejista. WhatsApp iwe nyongeza tu.

Baada ya notisi kutoka, angalia simu yako. Mpangaji mjanja hutuma kodi kwa M-Pesa kimyakimya, ukaipokea kimyakimya, kisha akaja mahakamani na taarifa ya malipo kuonyesha kwamba mliendelea kama kawaida. Ukikaa miezi miwili ukipokea kodi baada ya notisi kuisha, kifungu kilekile cha 60 kinakugeukia: upangaji mpya umezaliwa na notisi yako imekufa. Pesa ikiingia, mwandikie siku hiyohiyo kwamba umeipokea kulipia deni la mwezi fulani, au kulipia kukaa kwake baada ya upangaji kwisha, na kwamba notisi iko palepale. Lakini usiutegemee ujumbe huo kwa muda mrefu: miezi miwili ikikukuta hujafungua kesi, umejiweka pabaya.

Kuhusu saruji, nakuomba usilichukulie kuwa jambo dogo linalofuata nyuma ya deni. Huenda ndilo litakalokugharimu zaidi. Ukuta wa nyumba ya mawe ya Lamu ni jiwe la matumbawe na chokaa, na unapumua: unyevu unaopanda kutoka chini au kuingia na mvua hutoka nje kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji, unyevu hubaki ndani na chumvi yake, plasta huvimba, na ikianguka huanguka na uso wa jiwe. Ukuta wenye vidaka (vishubaka vya ukutani vyenye nakshi) ni mbaya zaidi, kwa sababu nakshi za chokaa zikishazibwa hazifufuliwi kwa kukwangua. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na kubadili nyumba za humo si jambo la mtu kujiamulia. Ofisi ya Makumbusho hapo Lamu itakushauri namna ya kuiondoa saruji hiyo bila kuumiza ukuta, na maandishi yao yatakufaa kama ushahidi.

Kisheria, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mpangaji atunze sehemu anayokaa na airudishe kama alivyoikuta, ukiondoa uchakavu wa kawaida. Chokaa iliyopauka au kumomonyoka ni uchakavu, na huwezi kumdai. Saruji, au tundu lililotobolewa kwenye mlango wa nakshi kwa ajili ya kitasa kipya, si uchakavu. Shida iko kwenye kuthibitisha hali ya mwanzo. Tafuta picha zozote za kabla yake, hata za harusi zilizopigwa ukumbini na ukuta ukaonekana nyuma. Sasa piga picha mpya za kila ukuta, ukimpa taarifa ya maandishi kabla ya kuingia. Mwite fundi wa chokaa, si mwashi yeyote, akuandikie makadirio: ukuta gani, mita za mraba ngapi, chokaa kiasi gani, ujira wa siku ngapi. Makadirio ya tarakimu moja kubwa isiyo na mchanganuo mahakama huyapunguza au huyakataa.

Ujue pia kwamba naye anaweza kukudai. Nyumba iliyopangishwa vipande vipande kama yako humwachia mwenye nyumba jukumu la paa, kuta kuu, mifereji na njia za pamoja, chini ya kifungu cha 65. Kama dari inavuja na amewahi kukuandikia, atasema alipiga saruji kuzuia maji. Rekebisha paa sasa, hata kama umemkasirikia.

Kupangisha wageni ni kosa jingine la kifungu cha 66, kwa kuwa alihitaji idhini yako ya maandishi kabla ya kumwachia mtu mwingine sehemu yoyote ya nyumba. Hifadhi picha za tangazo lake mtandaoni zikionyesha anwani ya ukurasa, tarehe, bei na picha za vyumba vyako. Picha za skrini na taarifa za M-Pesa ni ushahidi wa kielektroniki, na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ziambatane na cheti kinachosema zilitolewa na kifaa gani, na nani, na kwa njia gani. Ni karatasi moja tu, lakini ikikosekana ushahidi wako unaweza kuwekwa kando.

Utasikia ushauri wa kumtumia dalali ashike vyombo vyake. Sheria ipo, Sura ya 293, na kwa mpangaji wa juu huna haja ya idhini ya tribunali. Lakini ina mipaka. Anayeshika ni dalali wa mnada mwenye leseni, si wewe na vijana wa mtaani. Anashika kwa ajili ya kodi peke yake, hivyo saruji na bili ya maji havimo. Nguo za lazima na matandiko ya kulalia hayashikwi. Na njia hii inakwenda na upangaji ulio hai, kwa hiyo usiingoje mpaka notisi iishe. Kwako wewe siipendekezi. Dalali atatoka Malindi au Mombasa, kuna hamali, kuna mashua, kuna mahali pa kuhifadhia, na samani zilizotumika haziuziki kwa bei. Mnada usipofikia gharama, dalali atakutazama wewe.

Notisi ikiisha na hajatoka, unafungua kesi. Anza na masijala ya mahakama ya Lamu, uulize hakimu aliyeidhinishwa kusikiliza kesi za ardhi, kwani si kila hakimu anayo idhini hiyo. Mipaka ya fedha ni Sh5 milioni kwa hakimu mkazi na hupanda hadi Sh20 milioni kwa hakimu mkuu, hivyo dai lako linaingia. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoko Malindi ndiyo ya juu yake. Mahakama ya madai madogo haitakufaa: husikiliza madai ya pesa hadi Sh1 milioni, lakini mgogoro wa nani akae kwenye nyumba umetolewa humo waziwazi.

Hati ya madai iende na hati ya kiapo, orodha ya mashahidi, maelezo yao yaliyotiwa sahihi, na nakala za kila karatasi. Omba mambo haya yote kwa pamoja, kwa sababu usichokiomba hupewi: amri ya kumtoa yeye na kila aliyeingia kupitia kwake (usipoyaandika maneno haya, wageni wake watabaki ndani wakisema amri haiwahusu), deni la kodi, malipo ya kila mwezi atakaokaa baada ya notisi kuisha, gharama ya kurudisha kuta, riba na gharama za kesi. Kama bado anaendelea kupiga saruji, pamoja na kesi peleka ombi la dharura la zuio. Mkataba wenu wa 2021, ikiwa haukulipiwa ushuru wa stempu, ulipie sasa pamoja na faini yake. Kwa mkataba wa mwaka mmoja ushuru ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, yaani Sh2,160 kwa Sh216,000, na bila stempu karatasi hiyo haipokelewi kuwa ushahidi. Ukipata amri, inatekelezwa na ofisa wa mahakama au dalali, polisi wakilinda amani.

Duka lina hesabu nyingine. Kutoandikiana hakumfanyi mpangaji kuwa mnyonge. Kinyume chake, upangaji wa biashara usioandikwa ndio unaolindwa moja kwa moja na Sura ya 301, pamoja na ule ulioandikwa usiozidi miaka mitano. Kwa huyu hata kupandisha kodi kunahitaji notisi kwenye fomu iliyowekwa na sheria, ya miezi miwili au zaidi. Wewe ulipandisha kwa mdomo, kwa hiyo kodi halali bado ni Sh12,000. Deni lake ni Sh36,000, si Sh45,000, na ile Sh3,000 ya kila mwezi wa nyuma haipo. Ukiidai, utaonekana huijui hesabu ya duka lako, na notisi nzima itatiliwa shaka. Sheria hiyo pia inakutaka uweke kitabu cha kodi. Kama hakuna, kianzishe leo kwa kunakili malipo ya M-Pesa.

Kumtoa ni kwa fomu ya notisi ya Sura ya 301. Barua ya kawaida, hata ya wakili, haina nguvu. Fomu itaje sababu mojawapo kati ya zilizoorodheshwa kwenye kifungu cha 7. Yako ni kwamba kodi imekaa miezi miwili baada ya siku yake bila kulipwa, na kama ana tabia ya kuchelewa kila mara, iongeze. Tarehe ya kuanza kazi isiwe chini ya miezi miwili tangu aipokee, kwa hiyo sahihi ya kupokea ni muhimu hapa kuliko juu. Naye ana mwezi mmoja kukujibu kama anakubali, na akikataa anapeleka shauri BPRT kabla ya tarehe ya notisi. Akishalipeleka, notisi inasimama mpaka tribunali iamue. Akinyamaza, notisi inafanya kazi, ila bado usimtoe kwa mkono wako: omba amri. Kushika mali za duka nako kunahitaji ruhusa ya tribunali kwanza. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Mahakama ya Mazingira na Ardhi ndani ya siku 30. Ombi la kulipwa Sh36,000 unaweza kulipeleka hapohapo BPRT bila kutaka atoke, na kwa mfanyabiashara aliyekuwa akilipa vizuri miaka ya nyuma, hilo ndilo ningelifanya kwanza.

Wazee wa mtaa wakitaka kuwasuluhisha, kubali kukaa. Katiba yenyewe, ibara ya 159, inahimiza usuluhishi, na kwa duka huenda mkamaliza kwa kikao kimoja. Ila msiondoke bila karatasi: deni ni kiasi gani, atalipa kiasi gani na tarehe zipi, akikosa moja deni lote linadaiwa mara moja, na notisi iliyotolewa haikufutwa na kikao hiki. Sahihi zenu wawili na mashahidi wawili. Kwa mpangaji wa juu ongezeni tarehe ya kuhama, na wageni aliokwisha kuwapokelea pesa wataondoka lini.

Siku atakapokabidhi ufunguo, zungukeni chumba kwa chumba mkiwa pamoja, andikeni yaliyoharibika na mtie sahihi. Amana yake ya mwanzo ikate kwenye deni kwa hesabu ya maandishi, si kwa maneno. Kitakachobaki, hata akihamia Malindi au Mombasa, unaweza kukidai mahakamani ndani ya miaka 6 tangu kila kodi ilipopasa kulipwa.